Nukta Tatu Nyekundu

Kabla hata jogoo wa jirani hajaanza, nilisikia mbuzi ikikuna nazi jikoni. Kru, kru, halafu kimya, halafu kru tena. Kile kimya ndicho kilichoniambia ni Pastor, mume wangu, maana tangu augue hakuweza kumaliza nazi nzima bila kupumzika. Alijua kwamba asubuhi ile nilitakiwa kupeleka chuoni wali wa kunata wa watu sitini, akaamka mapema ili nipate nusu saa zaidi ya usingizi. Usingizi wenyewe sikuupata. Lakini sikuinuka, nisije nikamharibia zawadi yake.

Siku hiyo ndiyo chuo chetu kilipokaa kuandika Mpango wa Miaka Ishirini na Mitano.

Mimi sikuwa mtu wa mipango. Nilikuwa kibarua kwenye shamba la utafiti la chuo cha serikali cha Libtong, upande wa mashariki wa Bikol, na kwa miaka kumi na minane kazi yangu ilikuwa migomba ya abaka. Ukiiona kwa mbali utasema ni ndizi, ila ndizi zake haziliwi. Kinachotakiwa ni nyuzi za shina, za kusokotea kamba. Dokta Anselmo Bragais alikuwa amekusanya aina themanini na tatu kutoka kila kisiwa alichoweza kufika, akazipanda kwenye mteremko ulio nyuma ya maktaba. Abaka huwezi kuiweka kwenye chupa ikakungoja. Ukipanda mbegu yake hujui utavuna nini. Ukitaka aina fulani ibaki duniani, lazima kichaka chake kiwe hai ardhini na awepo mtu wa kukipalilia. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Na ulikuwepo ugonjwa. Majani hujibana juu ya shina kama brashi ya kupakia rangi, mgomba unadumaa, na kichaka cha pili kinafuata. Milimani kulikuwa na vijiji vilivyong'oa abaka yote, na watu wake wakaenda Manila kufua nguo za wengine. Dokta alikuwa akioanisha aina zetu na abaka-mwitu isiyougua, na watoto wakikua anawaoanisha tena. Kizazi kimoja, miaka mitatu, minne. Mwaka ule alikuwa na watoto wawili aliowapenda, namba kumi na saba na namba arobaini, waliokaa miaka miwili katikati ya wagonjwa bila kuugua. Nyuzi zao bado zilikuwa dhaifu, ukizivuta zinakatika. Aliniambia kwamba akipata miaka ishirini mingine atampa mkulima mgomba usiougua na wenye nyuzi imara. Aliyasema hayo kwa sauti ile ile ya mtu anayeagiza chai.

Kila alipokuja shambani alileta chakula cha watu wawili, akidai dada yake amempakulia kingi mno. Dada yake nilimjua. Hakuwa mtu wa kupakua kingi.

Basi ukumbini kulitundikwa bango lenye uso wa mkuu wa chuo, mkubwa kama mlango. Tulianza kwa sala, ukafuata wimbo wa taifa, kisha mazoezi ya muziki, maprofesa wazito wakitikisa viuno na wapishi wakicheka nyuma ya pazia. Mwanamke aliyeletwa kutoka Manila kutuongoza alisema mpango ni wa watu wote, kwa hiyo kila idara ilete na mfanyakazi wake mmoja. Dokta alinichagua mimi. Nilimwambia mahali pangu ni jikoni.

"Manay, ule mteremko unaujua kuliko mimi," alisema. "Kaa hapa kando yangu. Wakituchosha tutasengenya."

Manay ni dada mkubwa. Alinizidi umri miaka miwili, na bado aliniita hivyo mbele ya wakubwa wenzake.

Tuligawiwa kadi, za manjano za ufundishaji, za kijani za utafiti. Kila mtu aandike lengo moja analotaka chuo kiwe kimelifikia baada ya miaka ishirini na mitano, kisha zote zibandikwe ukutani. Ukuta ukajaa. Kila mhadhiri achapishe makala mbili kwa mwaka. Kozi yenye wanafunzi chini ya kumi ifungwe. Chuo kiwe miongoni mwa vyuo mia bora vya Asia. Ditas, mpiga chapa wa kitivo chetu, aliisoma hiyo ya mwisho, akaninong'oneza kwamba yeye angeridhika maji yakitoka chooni.

Kadi ya Dokta ilikuwa fupi: "Aina zote 83 za abaka ziwe hai, na moja isiyougua iwe mikononi mwa wakulima."

Karibu na hiyo ilikuwepo kadi ya Virgilio Rabelas, amidi, yaani mkuu wa kitivo chetu cha kilimo. Yeye aliomba jengo la utafiti la ghorofa tano, lenye maabara za kutosha wanafunzi wote. Hakuandika mahali litakapojengwa. Hakuna aliyeuliza.

Kisha yule mwanamke akagawa vibandiko vidogo vya duara, vyekundu, tukaviita nukta. Kila mtu tatu. Utabandika kwenye kadi unayoitaka, zote mahali pamoja au kila moja mahali pake. Kadi tano za kijani zitakazopata nukta nyingi ndizo zitakuwa malengo ya utafiti. Nyingine zitahamishiwa kwenye karatasi ya kungojea. Alisema karatasi ya kungojea si kaburi, watu wakacheka.

Hapa sina budi kurudi nyuma miaka miwili, kwenye kimbunga cha Oktoba. Kidole tumbo cha Pastor kilipasuka barabara ikiwa imekatwa na maji. Nilituma ujumbe kwa kila niliyekuwa na namba yake. Aliyefika ni Amidi Rabelas, na gari lake. Lilipozima pale darajani, alimshusha mume wangu, akambeba mgongoni kama mtoto, maji yakimfika kifuani. Alitembea hivyo mpaka ng'ambo kwenye gari la wagonjwa. Viatu vyake vilichukuliwa na maji. Hospitalini alikaa nami kwenye benchi, miguu mitupu, mpaka daktari alipotoka. Hakulitaja tena jambo lile, hata kwa utani. Mtu akilitaja jema lake, unamshukuru, mnamalizana. Asipolitaja, unabaki nalo mikononi.

Foleni ikasogea ukutani. Nilikuwa nimeshaamua. Nukta zangu zote tatu zingekwenda kwa abaka, kwani zingekwenda wapi tena? Nilizibeba kwenye ncha ya kidole. Nilipofika mbele, Amidi alikuwa amesimama pembeni na gilasi ya maji ya nazi. Aligeuka, akaniona, akatabasamu.

"Pastor anakula vizuri siku hizi?" aliuliza.

Nikasema anakula, na leo ndiye aliyekuna nazi ya ule wali. Akafurahi kweli, ilionekana machoni. Kadi yake ilikuwa pale kando ya bega lake, na nukta chache. Sikuweza kumpita. Nisingeweza kunyoosha mkono mbele ya uso wake na kubandika kwingine, kana kwamba mgongo ule sijauona. Nikazibandika kwake, moja, mbili, tatu. Wala hakuangalia. Alikuwa ameshaanza kumsalimu mtu mwingine.

Nilijiambia haidhuru. Abaka ina watu wengi wanaoipenda, na Dokta mwenyewe ana zake tatu.

Waliohesabu walihesabu mara mbili. Jengo lilikuwa la tano, nukta ishirini na nne. Abaka ilikuwa ya sita, ishirini na mbili. Yule mwanamke aliibandua kadi ya Dokta polepole, kwa heshima, asiichane pembe, akaibandika kwenye karatasi ya kungojea. Dokta alipiga makofi pamoja na wengine. Baadaye alinisaidia kukusanya majani yaliyofungiwa wali.

Miezi minane ikapita. Amidi alikuja shambani kwa miguu, kofia mkononi. Wahandisi wa serikali walikuwa wamepima chuo kizima, na ardhi isiyofikiwa na maji ya mafuriko ilikuwa moja tu, ule mteremko wetu. Alikuwa amewaomba watuongezee miezi miwili ya kuhama, wakakubali. Alieleza yote kwa sauti ya chini, akiangalia migomba badala ya kutuangalia sisi.

"Anselmo, ningejua ni hapa," alisema.

"Hukujua," Dokta alimjibu. "Kaa. Manay ana kahawa."

Akakaa. Tulikunywa kahawa watu watatu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka.

Tulichimba machipukizi matatu ya kila aina, tukayaosha, tukayafunga vibati vyenye namba. Namba kumi na saba na arobaini Dokta hakuziweka nyuma ya gari pamoja na nyingine. Alizipakata. Tulipewa ardhi kando ya mto, na upande wa pili kulikuwa na shamba lililotelekezwa, limejaa ugonjwa. Tuliuona siku ya kwanza. Lakini hatukuwa na ardhi nyingine, na vidukari wanaoueneza ni wadogo kuliko punje ya ufuta, wanasafiri na upepo.

Mwaka wa kwanza walikufa kumi na moja. Nasema walikufa, siwezi kusema ilikufa. Mwaka wa pili sikuhesabu tena. Tuling'oa na kuchoma, tuling'oa na kuchoma, nguo zangu zikanuka moshi hata Pastor akawa ananikalia mbali mezani kwa mzaha. Kumi na saba na arobaini hazikuugua. Zilisimama peke yake kwenye ardhi nyeusi, majani wazi, kila mtu akija kuzitazama. Dokta alianza tena kuzungumza habari za nyuzi. Novemba ya mwaka huo mto ulipanda. Asubuhi maji yalipopungua tulikwenda, tukakuta mchanga, laini kabisa, kama uliotandikwa. Tulichimba kwa mikono siku mbili. Wanafunzi wake wanne walikuja kutusaidia bila kuitwa. Mmoja alinifunga kitambaa kidoleni nilipokatwa na kibati, kisha akaendelea kuchimba. Hatukupata hata chipukizi moja lililo hai.

Wanafunzi wake walikuwa wanne tu. Kozi yake ikafungwa muhula uliofuata, kama kadi ya manjano ilivyotaka. Jengo nalo lilifika nguzo za ghorofa ya pili, serikali ikabadilika, ujenzi ukasimama. Vyuma vimechomoza juu mpaka leo, vina kutu. Mpango wenyewe ulichapwa kitabu kizuri chenye karatasi za kung'aa. Ditas aliniletea nakala moja, akanionyesha ukurasa wa mwisho, mahali pa washiriki. Jina langu lilikuwepo, kwa herufi sawa na za maprofesa. Alikuwa ameliingiza yeye.

Kuhusu nukta zile sikumwambia mtu, hata Pastor, mpaka alipofariki kwa uzee. Nilimpelekea Dokta mboga, nilimfulia mapazia, nilikaa naye dada yake alipokwenda kwa wajukuu. Miaka kumi na moja. Kila mara nilikuwa na neno lile mdomoni, nikalimeza pamoja na chai.

Mwaka jana tulimzika Amidi Rabelas. Mvua ilinyesha, na kijana wake alinishikia mwavuli mpaka mwisho, yeye akilowa. Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa Dokta. Nilimkuta kwenye kiti chake dirishani, magoti yakiwa yamemkataa, akimenya karanga za kuchemsha na kuziweka kwenye sahani bila kuzila. Nilimweleza mazishi yalivyokuwa, nani alikuja, walipika nini. Alisikiliza. Kisha nikaona nisipolitoa leo nitazikwa nalo.

"Dokta, siku ile ya kadi. Nukta zangu tatu niliweka kwa Amidi."

Alimenya karanga moja, akaisogeza kwangu.

"Najua. Nilikuwa nyuma yako kwenye foleni."

"Tungeshinda. Nilipiga hesabu. Tungeshinda kwa hizo tatu tu."

"Mtu alimbeba mumeo, Manay. Ungefanyaje?" Akaangalia mikono yake. "Mbona hujaniuliza zangu?"

Ndipo nilipotambua kwamba miaka yote ile sikuwahi kujiuliza. Nilimwambia basi aniambie.

"Utabandikaje kwenye kadi yako mwenyewe, watu wote wanakuona?" alisema. "Niliona haya. Alikuwa amesimama pale pale, nami nikampa yeye. Nilidhani ninyi wengine mtatosha."

Alianza kucheka, nami nikacheka, mpaka akakohoa na ikabidi nimpigepige mgongoni. Mgongo ulikuwa umekonda sana. Hapakuwa na wa kumlaumu, na hilo nililokuwa nikilingojea kama nafuu halikuwa nafuu. Nilifagia maganda, nikamjazia maji kwenye jagi, nikafunga dirisha upande wa mvua. Nikatafuta mwavuli wangu.

Nilikuwa mlangoni aliponiita.

"Jumapili uje tena, Manay. Uje ile saa dada yangu yuko kanisani. Saa ile nyumba inakuwa kimya sana."