Chembe Isiyokatika

Chuskit aliingia uani. Hakuwa amewahi kusimama kuuliza mbele za watu. Katika nyumba ile ya watawa wanawake wa Kibuddha, juu kabisa kwenye bonde la Zanskar, milimani Himalaya, waliomtangulia walifundishwa sala na kulima shayiri, basi. Mjadala ulikuwa wa wanaume, mpaka mwaka huu mama mkuu alipoleta mwalimu wa kuwafundisha kujadiliana. "Hawakutuzidi akili wale," alisema. "Wametuzidi nafasi."

Aliyeketi kwenye zulia kumjibu alikuwa Dada Dekyong, ambaye ulimi wake ulishawaliza wengi. Msimamo wake ulijulikana: kila kitu, hata muda, ukikigawa na kukigawa, mwisho unafika kwenye chembe isiyogawanyika tena.

"Karibu, mdogo wangu," Dekyong alisema. "Chai umekunywa? Maana hiyo sauti naona bado imelala."

Uwanja ukaangua kicheko. Chuskit akainua mkono, akakanyaga chini kwa kishindo, akapiga kofi, kiganja juu ya kiganja, kama ilivyo desturi ya muulizaji. Pa!

"Kofi hili limechukua muda?"

"Limechukua."

"Na muda huo ukiukatakata, utafika kwenye chembe isiyokatika?"

"Nakubali. Nimelisema tangu asubuhi, masikio uliyaacha shamba?"

Pa! "Chembe hiyo inagusana na iliyoitangulia?"

"Inagusana."

"Na inayoifuata?"

"Nayo pia."

"Inazigusa zote mbili kwa upande uleule?"

Watawa wakaanza kusogea karibu. Chuskit akahisi damu inamchemka mpaka kwenye ncha za vidole. Aliona njia mbele yake, nyeupe kabisa.

"Kwa upande uleule," Dekyong alisema hatimaye.

Pa! "Basi zote ziko mahali pamoja! Jana na kesho zimelala kitanda kimoja! Ulizaliwa na ukazikwa kwa mpigo mmoja, dada, na hiyo chai nimeinywa kabla maji hayajatekwa!"

"Ngoja! Kwa pande mbili."

"Pande mbili! Chenye pande mbili kinakosaje nusu?"

"Tsha!" uwanja mzima ukapiga ukelele unaomwangukia aliyejipinga mwenyewe. Chuskit alikuwa akiruka bila kujijua.

Dekyong aliinuka akijipangusa. "Haya, keti wewe. Tuone kama na makalio yako yana akili." Pa! Kofi lake lilikuwa kama ubao unaopasuka. "Kwa hiyo kugawa hakuna mwisho?"

"Nakubali."

"Punje ya shayiri ina vipande visivyokwisha?"

"Nakubali."

"Na mlima ule ng'ambo ya mto?"

"Na... nakubali."

"Visivyokwisha huku, visivyokwisha kule! Basi vimelingana. Kesho tukukorogee mlima kwenye uji?"

Walicheka mpaka wengine wakaegemeana. "Jibu! Jibu!" Makofi yakamzunguka. Chuskit akafumba macho. Akaipasua ile punje katikati, akaupasua na mlima. Akaipasua tena. Akaupasua tena. Ghafla akafumbua macho.

"Si lazima vilingane!"

"Kwa nini?"

"Kata punje, kata mlima, mara zilezile. Hata ukate mpaka uzeeke, kipande cha mlima kitakuwa kikubwa kuliko cha punje. Kutokwisha siyo kulingana!"

Mkono wa Dekyong ukabaki hewani. "Hilo umelifikiria lini?"

"Sasa hivi, dada."

"Sasa hivi!" Dekyong alicheka kwa sauti, kisha akakunja mikono ya vazi lake. "Sijashindwa lakini. Haya, kama kugawa hakuishi, mlima umejengwa kwa kitu gani?"

Wakaanza upya. Kengele ya chakula ikalia, hakuna aliyetikisika. Mama mkuu akatoka jikoni amefura, upawa mkononi. "Supu inaganda! Mna wazimu?"

"Mama, Chuskit anasema hakuna kipande cha mwisho," mmoja alisema.

Mama mkuu akamtazama Chuskit, sauti imeshamkauka, kichwa kilichonyolewa kinang'aa jasho. Akaweka upawa chini, akajongea hadi kwenye zulia, akaketi.

"Mimi niko na Dekyong," alisema. "Simama, mwanangu. Niulize mimi."