Mia na Ishirini Kwenye Kona ya Matofali

Wewe uliligeuzia gari lile kisogo. Usiseme hulijui, mji mzima unalijua, jeusi, la kizamani, taa zake za mbele zimetoka kama macho ya chura. Lilipokuwa likivutwa kwa kamba kwenda gereji ya Mjomba, ulikuwa umesimama mlangoni kwako, ukainama kufunga kamba za viatu. Na ulikuwa umevaa ndara.

Aliyelipokea ni Bi Spana, mpwa wa Mjomba na fundi wake mkuu. Mwenye gari, ambaye watu bado wanamwita Mheshimiwa ingawa cheo kilimtoka zamani, alitaka mambo mawili: klachi ifumuliwe isukwe upya, na spidomita ifanye kazi. Gari lilikuwa linakwenda kwenye maonyesho ya magari ya kale, na mshale uliolala ungelitia aibu.

Bi Spana alilijua gari. Ndilo lililomuua mdogo wake kwenye kona ya kiwanda cha matofali, akisambaza mikate kwa baiskeli. Mheshimiwa aliwaeleza polisi kwamba yeye alikuwa akienda mwendo wa maharusi, kijana ndiye aliyemwingilia. Spidomita haikuweza kusema lolote. Mjomba, fundi wa gari hilo tangu likiwa jipya, alikula kiapo kwamba waya wake ulikatika siku nyingi kabla. Faili likafungwa. Mama yao akapelekwa kwa Mheshimiwa kuomba radhi kwa taa iliyovunjika. Mwaka ule ule gereji ikapata paa la bati.

Alianza na klachi. Alilala chini ya gari, akafungua giaboksi, akaishusha kifuani pake taratibu kama mtu anayepokea mgonjwa. Sahani ya klachi ilikuwa imelika hadi kwenye ribiti, vipini vinavyoshika ngozi yake, na springi zimegeuka rangi kwa moto. Alijua ni dereva gani hula klachi namna hiyo: yule ambaye mguu wake haubanduki kwenye pedali, asiyetaka kuonekana amekwenda wala amesimama. Akaivika sahani ngozi mpya, akagonga ribiti moja moja, na kila pigo lilikuwa na jina la mtu.

Waya wa spidomita ndio uliomsumbua. Madukani walimcheka. "Waya wa gari hilo, dada? Kaulize makumbusho."

Akaurudia ukuta wa nyuma wa gereji. Mjomba alikuwa na sheria moja: kifaa kilichotolewa kwenye gari hakitupwi, kinatundikwa, maana taka ya leo ni dawa ya kesho. Hakuwahi kuivunja, hata siku ambayo kuivunja kungemfaa. Kwenye msumari, nyuma ya mikanda ya feni, ilining'inia nusu ya waya. Nusu nyingine ilikuwa bado ndani ya gari. Waya uliochoka huchanua ncha kama ufagio. Huu ncha zake zilikuwa bapa, zimebanwa. Koleo.

Mjomba alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Mjomba, waya huu ulikatika wenyewe?"

"Vitu hukatika, mwanangu."

"Kwa koleo?"

"Kunywa chai, inapoa hiyo."

"Alikuwa mtoto wa dada yako, Mjomba. Tumbo moja na wewe."

Mjomba akainua macho hadi kwenye bati. "Mvua ilikuwa inatunyeshea," akasema. "Hata wewe ilikunyeshea."

Bi Spana akaziunga nusu mbili kwa shaba, akazipaka grisi, akazirudisha mahali pake. Gari lilikuwa juu ya magogo, injini imezimwa, magurudumu yameegemezwa ukutani. Mshale ukapanda hadi mia na ishirini, ukatulia hapo. Akagonga kioo kwa ukucha. Ukabaki pale pale. Ndani ya gari ukaanza kuvuma upepo, na kwenye kioo cha mbele ikaonekana kona ya kiwanda cha matofali, asubuhi, na baiskeli yenye kreti ya mikate. Gereji ikanukia mikate.

Fundi pancha wa jirani alikuja akachungulia. Akasema mia na ishirini ni nyingi kwa kona ile, akaazima jeki, akaenda zake.

Mama naye akaja. Akakaa kwenye kiti cha dereva, mtandio ukimpepea, akamtazama mwanawe akiikata kona.

"Kumbe alikuwa upande wake wa barabara," akasema. Akashuka, akaketi kwenye benchi.

Mheshimiwa alifika kuchukua gari lake akiwa na rafiki yake, mkuu wa polisi.

"Mia na ishirini," Mheshimiwa akasoma. "Ndiyo. Siku ile nilikuwa nimechelewa kikao."

"Faili linasema arobaini," akasema Bi Spana.

Mkuu wa polisi akavaa miwani, akausogelea mshale. "Kweli kabisa, mia na ishirini. Lakini faili limefungwa, binti. Mshale haujaapishwa."

"Uapishe basi, Afande."

"Mshale utanyanyua mkono gani?"

Wakacheka wote wawili. Mheshimiwa akajaribu klachi. Ilishika laini kama samli, akaisifu. Mama akasimama kwa mazoea, akaanza kuomba radhi kwa ile taa. Bi Spana akamshika bega, akamkalisha.

Kwenye maonyesho gari lilipata kikombe. Waamuzi walipendezwa kwamba kila kifaa chake ni cha asili, hata waya. Sasa linapita mjini kila siku. Likisimama kwenye taa nyekundu, mshale uko mia na ishirini, na barabara nzima inanukia mikate. Watu husoma, huwaonyesha watoto wao, taa ikiwaka kijani wanaendelea na safari.

Kwa sheria yao wenyewe, faili hufunguliwa pale shahidi anapokwenda kusema alichokiona. Ndugu wa marehemu hahesabiwi. Mama hahesabiwi. Bi Spana alikwenda, akaambiwa hahesabiwi. Mjomba pia ni ndugu, ila yeye alihesabiwa.

Wewe si ndugu. Wewe unahesabiwa. Kituo kiko wazi saa hii, na kaunta haina foleni. Weka chini unachosoma, nenda kaseme mia na ishirini.