Gari la Kuvuta Peugeot Yangu

Binti yangu Kamene na mumewe Koinet walipoamua kununua gari la familia, walikuja kwanza kuniomba ushauri, na hapo walifanya jambo la maana. Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa mizani kwa miaka thelathini na mmoja, katika kiwanda kimoja cha kokoto nje kidogo ya Kitengela, na katika miaka hiyo hakuna lori lililopita kwangu likiwa limezidisha uzito. Nilianza pale nikipakia mawe kwa beleshi. Jioni nilienda ngumbaru, baadaye masomo ya sekondari ya jioni, nikafanya mtihani nikiwa na miaka thelathini na minne, na wiki ile ile matokeo yalipotoka nikaingia ofisini nikapewa kiti. Nayasema haya si kwa kujisifu. Nayasema ili ijulikane kwamba mtu akiniambia gari fulani lina nguvu, mimi humwuliza kilo ngapi.

Hata hivyo nilikuwa na haja yangu mwenyewe. Mimi na mke wangu Ndulu tulikuwa tumeuza nyumba yetu ya Kitengela na kuhamia shamba dogo karibu na mji wa Kajiado. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki nyuma: Peugeot 504 yangu, ile ndefu ya kubeba watu na mizigo, niliyoinunua nilipopandishwa cheo. Injini yake ilikufa miaka tisa iliyopita. Mnunuzi wa nyumba alinipa hadi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Baada ya hapo angewaita watu wa skrepu waje waikate kwa gesi, wauze vipande.

Nikamwambia Koinet: "Nunueni gari lolote mnalopenda, bora liwe na viti saba na liweze kuvuta trela iliyobeba gari."

"Sawa, Pakiteng," akasema.

Koinet ni Mmaasai wa Oltepesi. Alipomwoa Kamene alileta ng'ombe, na kwao watu waliopeana ng'ombe kwa njia hiyo huacha majina yao wakaitana Pakiteng. Ni kijana mwenye adabu sana. Kwa miaka kumi na mmoja hajawahi kunipinga hata mara moja. Nilidhani ni kwa sababu sijawahi kukosea.

Ndulu naye ni Mkamba wa mila za zamani, na kwetu mama mkwe hamzoei mume wa binti yake. Hali chakula mbele yake, hapazi sauti mbele yake, na akiwa na neno, analipitisha kwa binti. Kwa hiyo tulipokwenda kuangalia magari kule Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, kila mmoja wetu alikuwa na kipimo chake. Kamene alitaka gari refu, ili akifika kwenye chama wenzake wainue shingo kumwona. Koinet alitaka jeusi, ingawa ng'ombe wake kule Oltepesi hawajali rangi. Ndulu alitaka kiti cha nyuma kiwe mbali na cha dereva. Alipima umbali huo kwa leso yake katika magari sita. Mimi nilitaka kilo elfu mbili.

Muuzaji alikuwa bwana mmoja anayeitwa Githongo, mwenye miwani ya jua na funguo nyingi kiunoni.

"Mzee wangu, hii ni chuma," akasema, akilipiga teke tairi la gari jeusi la viti saba. "Hii inavuta hata kanisa."

"Kilo ngapi?"

"Si nimekuambia? Kanisa na pastor ndani."

"Pastor ana kilo ngapi?"

Githongo akamgeukia Koinet kuomba msaada. Koinet akaangalia mawingu.

"Hook iko," Githongo akaendelea, akituonyesha chuma cha kufungia trela kilichopakwa rangi ya fedha. "Kuna mheshimiwa alichukua kama hii tu."

"Alivuta nini?"

"Mheshimiwa avute nini, mzee? Anaiweka tu. Ni ya heshima."

Koinet alipoketi kwenye kiti cha dereva, kofia kichwani, na kuwasha gari, sauti ya mwanamke ikasema maneno kwa Kijapani. Ndulu, aliyekwisha kuketi nyuma kabisa, akashtuka.

"Kamene, huyo amesema nini?"

"Anatusalimia, mama."

"Mwambie hatujambo. Na umwambie baba yako hapa ni mbali vya kutosha. Naona kofia tu."

Kitabu cha gari nacho kilikuwa cha Kijapani. Githongo alidhani hapo nimekwama. Nilinakili namba ya modeli, nikaenda kwenye saiba nikatafutiwa mtandaoni, nikachapishiwa kurasa kumi na nne za Kiingereza, nikazisoma zote nikiwa na kalamu nyekundu. Ukurasa wa tisa ulisema: trela yenye breki zake, mwisho kilo elfu mbili. Niliporudi na kumsomea Githongo, alivua miwani.

"Mzee, ungekuwa unauza hapa, ningekufa njaa."

"Ungesoma," nikamwambia.

Wakanunua lile jeusi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilipofika, tulikodi trela yenye breki kutoka kwa fundi mmoja wa Kitengela aitwaye Kahiga, anayevuta magari yaliyoharibika. Hesabu nilikuwa nimeiandika mapema. Peugeot, kwa mujibu wa kitabu, kilo elfu moja mia tatu na kumi. Trela, kwa mujibu wa Kahiga, mia sita. Jumla, elfu moja mia tisa na kumi. Zilibaki kilo tisini za akiba. Nilimwonyesha kila mtu karatasi ile, na kila mtu akaisifu.

Ndani ya Peugeot mlikuwa na vitu vyangu vichache. Nilikuwa nimetia mapazia madirishani ili jua lisiviharibu.

Kahiga alipoivuta kwa winchi ikapanda juu ya trela, matairi ya trela yalibonyea.

"Mzee, hii gari yako ndani iko na..." akaanza. Koinet akamgusa mkono.

"Pakiteng," Koinet akasema polepole, "naona matairi yamechoka kidogo."

"Ni upepo umepungua."

"Ndiyo. Ni upepo."

Kahiga akaongeza upepo. Matairi yakabaki vilevile. Kamene alifungua kinywa, akaniangalia, akakifunga. Kwenye kiti cha nyuma cha gari jeusi, alikoketi na wajukuu wetu wawili, Ndulu alikuwa akinong'ona jambo kwa nguvu sana, lakini Koinet alikuwa amesimama karibu na mlango, kwa hiyo halikutoka.

Kisha nikapanda kwenye Peugeot, nikaketi kwenye usukani.

"Baba, unaenda wapi?" Kamene akauliza.

"Usukani hauachwi bila mtu."

"Si imefungwa na minyororo?"

"Minyororo haina akili."

"Ni kweli," Koinet akasema, akaingia kwenye gari lao.

Tukaondoka mwendo wa taratibu. Nakumbuka vizuri jinsi watu wa Kitengela walivyosimama kando ya barabara kuniangalia, nikiwa juu pale na kofia yangu, nikivutwa na gari jeusi la mkwe wangu. Niliwapungia. Wengine walipiga picha.

Tungeweza kwenda moja kwa moja hadi Kajiado. Mimi ndiye niliyeagiza tupitie mizani ya kiwanda changu cha zamani. Mzigo hauendi safari bila tiketi, na pia nilitaka wanione.

Aliyekaa kwenye kiti changu siku hizi ni Namunyak, mama wa makamo niliyemfundisha kazi mwenyewe. Koinet alimsalimia kwa Kimaasai, "Takwenya," naye akaitikia, "Iko," kisha akatoka nje kuniona.

"Mwalimu! Umebebwa kama bibi arusi!"

"Pima, Namunyak. Tuna safari."

Walifungua trela kutoka kwenye gari ikabaki peke yake juu ya mizani. Nyuma yetu malori manne ya kokoto yalikuwa yamepanga foleni. Namunyak akarudi dirishani, akatazama namba, akafuta kioo kwa kiganja, akatazama tena.

"Mwalimu, elfu mbili mia tatu tisini."

"Mashine yako imeharibika."

"Ilikaguliwa wiki jana. Muhuri ndio huu."

"Basi soma vizuri."

"Mbili, tatu, tisa, sufuri. Umezidisha mia tatu tisini. Siwezi kukupa tiketi."

"Wewe Namunyak, unajua mimi ni nani?"

Miaka thelathini na mmoja nilisikia swali hilo kutoka kwa madereva, wakubwa, na hata mchungaji mmoja aliyekuwa amejaza lori changarawe ya msingi wa kanisa. Kila mara nililicheka. Nililisikia sasa kwa sauti yangu mwenyewe, na halikuwa na sura nzuri.

"Najua," Namunyak akasema. "Ni wewe ulinifundisha nikiulizwa hivyo nijibu kwa kilo."

Malori yakapiga honi. Kamene akashuka, akaja hadi dirishani kwangu akiangalia chini.

"Baba, mama anasema uulizwe kama lile kabati la chuma bado liko ndani."

"Liko. Ni la faili."

"Na magazeti?"

"Magazeti ni karatasi, Kamene. Karatasi ina uzito gani?"

Hakuna aliyenijibu, isipokuwa mizani, ambayo haina mkwe wala baba. Ilibaki pale na elfu mbili mia tatu tisini zake. Ningekwenda hivyo hivyo, nilijua gari linaweza kushindwa kwenye mteremko wowote kabla ya Kajiado, na ndani yake walikuwa wajukuu wangu wawili. Nisingekwenda, Jumatatu Peugeot ingekatwa kwa gesi.

"Fungueni nyuma," nikasema.

Madereva wa malori ndio waliotusaidia, kwa kuwa walitaka foleni isonge. Lilitoka kabati la droo nne, limejaa. Yakatoka magazeti yangu, yamefungwa kwa kamba mwaka kwa mwaka. Zikatoka kamusi tatu, daftari zote za ngumbaru, vitabu vya hesabu, na nakala za mitihani niliyoifanya mara mbili. Mimi nilibaki kwenye usukani nikiwaelekeza.

Dereva mmoja alisimama na gazeti mkononi.

"Mzee, hapa wanasema mvua kubwa inakuja. Ni ya mwaka gani hii?"

"Tisini na saba."

"Aa, hiyo ilikuja."

"Weka chini taratibu. Bado sijamaliza kulisoma."

Wakacheka mpaka mmoja akaketi juu ya mwaka wa elfu mbili na mbili. Nilimwamuru ainuke.

Peugeot ilipobaki tupu, Namunyak akasoma tena. Elfu mbili na sitini.

"Bado sitini, Mwalimu."

"Haiwezekani. Kitabu kinasema..."

Kahiga, aliyetufuata kwa pikipiki, akakohoa. Akakiri kwamba trela yake alikuwa ameiongezea vyuma mwaka jana, na kwamba ile mia sita ilikuwa ya zamani. Nilimkemea vikali kwa kubeba takwimu zisizokaguliwa. Aliniangalia, akaangalia lundo la karatasi, akanyamaza. Hata yeye, ambaye hatuna undugu.

Wakatafuta cha kupunguza. Hapakuwa na tairi la akiba, kwani liliibwa zamani. Koinet akaizunguka trela mara mbili, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Kisha akaja hadi dirishani kwangu, akavua kofia.

"Pakiteng," akasema, "naomba kuuliza swali."

Hajawahi kuniuliza swali la namna hiyo. "Uliza."

"Wewe una kilo ngapi?"

Kule nyuma ya lile gari jeusi nilimwona Ndulu amejifunika uso kwa leso, na mabega yake yanatikisika.

"Sabini," nikasema. "Bila viatu."

"Asante," Koinet akasema. Alibaki pale akiangalia tairi, kofia mkononi, na niliona angesimama hivyo mpaka jioni kabla ya kusema lile lililofuata. Jambo hilo alikuwa amelijua tangu asubuhi, nilipopanda. Wote walikuwa wamelijua.

Nikafungua mlango. Kushuka kutoka juu ya trela si rahisi kwa umri wangu. Koinet akanipa bega, nami nikalishika.

"Elfu moja mia tisa tisini!" Namunyak akapaza sauti, na madereva wakapiga makofi.

Karatasi zangu hazikuweza kuachwa hapo bila mtu, kwa hiyo nilisema nitabaki nazo hadi Koinet aifikishe Peugeot Kajiado na arudi. Alisema angerudi kabla ya saa kumi. Kamene alitaka kubaki nami, nikamkataza. Namunyak akatoa kitabu cha tiketi, akajaza tarehe, namba za gari, uzito wa kwanza na uzito wa mwisho, kwa mwandiko niliomfundisha. Kisha kalamu yake ikasimama.

"Mwalimu, hapa pa 'kilichopunguzwa' niandike nini? Ulikuwa hukubali tuandike 'vitu mbalimbali'."

"Na sikubali hata leo," nikasema. "Andika: karatasi, kilo mia tatu na thelathini. Mzee mmoja, kilo sabini."

Akaandika. Nikachukua tiketi, nikajumlisha mwenyewe, nikatia sahihi, nikampelekea Koinet.

"Usizidishe hamsini," nikamwambia. "Na kama kuna jambo unaliona barabarani, liseme."

"Nimwambie nani, Pakiteng? Wewe unabaki."

"Mwambie yeyote."

Akawasha gari, yule mwanamke Mjapani akasema yake, na Peugeot yangu ikaenda zake Kajiado, usukani hauna mtu.