Beki na Winga Wodini

Nyundo alicheza beki wa kulia mpaka goti likagoma, halafu akawa fundi rangi mpaka ngazi nazo zikamshinda. Daktari alipomwambia kwamba goti litatolewa na kuwekwa la chuma, alicheka.

"Sawa, daktari. Hili limenivumilia mengi, lipumzike."

Alipozinduka baada ya upasuaji, aligeuza shingo akamwona mzee kitanda cha jirani, naye kafungwa bandeji gotini. Alikuwa Mshale, winga wa timu pinzani, aliyemtoa jasho ujana wake wote.

"Hata huku umenifuata?" Nyundo akamtania.

Mshale aligeukia ukutani. Muuguzi akamnong'oneza Nyundo kwamba mzee yule amekataa mazoezi. Mkewe alifariki mwaka uliopita, watoto wako mbali, na kila akiambiwa ainuke anauliza, "Niinuke niende wapi?"

Jioni mke wa Nyundo alikuja na chupa ya chai. Alimtambua mgonjwa wa jirani hata kabla ya kumsalimu mumewe.

"Jamani, Mshale! Shemeji, enzi zile nilikuwa nakushangilia wewe."

"Mbele ya mumeo?"

"Sikuwa nimeolewa. Huyu alikuangusha mbele ya jukwaa letu, nikashuka kumtukana. Ndiyo tukajuana."

"Mke nimempata kwa faulo," Nyundo akasema, "tena kwa kadi ya njano tu. Nani ana bahati kama mimi?"

Mshale alicheka mpaka akashika goti.

Asubuhi yake mtaalamu wa mazoezi alileta magongo. Nyundo alisimama, macho yakamtoka kwa maumivu.

"Mshale, maisha yangu yote nimekuona mgongo tu. Leo utauona wangu." Akaanza kujikokota kwenda kwenye dirisha la mwisho wa korido.

Mshale alijikaza abaki kitandani akimtazama tu, ikamshinda. "Nipeni magongo yangu!"

Walikwenda polepole mpaka mfagiaji akachoka kuwasubiri, akawazunguka. Karibu na dirisha Mshale aliyumba. Nyundo akaegemea ukuta, akamdaka mkono.

"Tangu mke wangu aondoke," Mshale akasema, "sijaguswa na mtu ila wa kunidunga sindano."

Nyundo akaendelea kumshika tu.

Siku waliyoruhusiwa wote wawili, Mshale hakuwa na wa kumchukua. Mke wa Nyundo alikuwa ameshakunja nguo za Mshale na kuzitia kwenye begi.

"Shemeji, chumba cha kijana wetu kiko wazi. Utakaa mpaka upone."

Mshale akamtazama Nyundo.

"Usinitazame mimi, mwenye nyumba kaamua. Mimi nashukuru tu. Mpira umeniharibia magoti, lakini watu walionipa, hata ningeambiwa nichague mwenyewe nisingewapata."

Ndani ya teksi walinyoosha miguu yao mibovu hadi dereva akasogeza kiti mbele, tumbo likagusa usukani. Njia nzima walibishana kuhusu goli moja la zamani la Mshale, kama lilikuwa la kuotea au halali, na mke wa Nyundo akampa ushindi shemeji yake.