Geti Lililowekwa Kwenye Mengineyo

Mimi nina mdomo, sijawahi kukataa. Mume wangu husema ningezaliwa bubu tungekuwa na marafiki wengi zaidi. Lakini kwa jambo hili nilinyamaza mwaka mzima na ushee, nikakaa kwenye viti vya chuo kikuu nikiandika kadi kama mtoto wa chekechea, na hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kinatazamana na ukuta wa chuo, na kwenye ukuta huo kuna geti dogo la chuma, nyuma ya maktaba. Ukipita pale unakata bustani moja tu, unafika kwenye zahanati ya chuo, ambayo inatibu hata sisi wa nje. Dakika nne, nimezitembea na mimba tatu. Siku moja tukaamka tukakuta kufuli na karatasi: LIMEFUNGWA KWA SABABU ZA KIUSALAMA. Tangu hapo ikabidi tuzunguke ukuta wote hadi lango kuu, karibu saa nzima kwa mtu anayetembea vizuri.

Binti yangu hakuwa anatembea vizuri. Uchungu ulimshika saa nane mchana, wiki mbili baada ya kufuli, mimba ya kwanza. Tuligonga geti lile kwa mawe. Mlinzi alitusikia kutoka upande wa pili, akasema ufunguo hanao. Basi tukazunguka. Kwenye kona ya tatu ya ukuta mtoto akatoka, pale pale kwenye vumbi, kamba ya kitovu imemzunguka shingoni. Alikuwa wa kiume. Tulimzika siku iliyofuata.

Mwezi haujaisha, akaja mhadhiri na wanafunzi wake. Mama mpole, raba safi miguuni, hasahau jina la mtu. Chuo kimeamua kushirikiana na mtaa, akasema. Hatujaja na majibu, tumekuja kuwasikiliza. Alitaka wakazi kumi na wawili wa kuanza nao, na aliyepita mlango kwa mlango kumtafutia ni mimi. Niliwaambia wenzangu hawa ni watu wazuri. Walikuja kwa ajili ya neno langu, na hilo nalo limenikaa kooni.

Mtaani tulimwita Madam Kadi. Kila Alhamisi alitugawia kadi za rangi na kalamu nene, kila mtu aandike tatizo moja linalomkera. Kila Alhamisi niliandika GETI. Muuza mkaa akaandika GETI. Kinyozi, ambaye mwandiko wake hata yeye hausomi, akaandika GETI kwa herufi kubwa. Madam Kadi alizipokea zote kwa tabasamu, akazipanga kwenye karatasi kubwa ukutani: Afya huku, Taka huku, Vijana kule. Zetu alizishusha taratibu mpaka kona ya chini palipoandikwa Mengineyo.

"Hili liko nje ya uwezo wa mradi, mama yangu," aliniambia. "Lakini tumelisikia."

Nikamuuliza, kwani nani alilifunga? Akasema hayo ni mambo ya utawala, yana mlolongo, hata yeye hayajui vizuri. Nilimwonea huruma. Mjinga mimi, nikamwonea huruma. Maana huyu mama alikuja hadi nyumbani kutupa pole, akakaa kitandani kwa binti yangu, akamshika mkono, akalia machozi ya kweli.

Jumamosi iliyopita ilikuwa sherehe ya kuhitimisha mradi. Waliweka hema bustanini, nyuma ya maktaba, na wafadhili wakakaa mbele. Ili sisi wa mtaani tusichelewe, wakalifungua geti dogo. Walilifungua kirahisi tu, mtu mmoja na ufunguo mmoja. Nilipita nimeshikana mkono na binti yangu, ambaye sasa ana mimba nyingine ya miezi minane. Aliitazama zahanati ile pale, akanitazama mimi. Tukaketi.

Hotuba zikaenda. Kisha mgeni mmoja akauliza, usalama wa wanafunzi huko mtaani mliuhakikisha vipi? Madam Kadi akachukua kipaza sauti bila wasiwasi.

"Hilo tulilifikiria mapema," akasema. "Kabla sijapeleka mwanafunzi hata mmoja, niliandika barua kuomba hili geti la nyuma lifungwe, watu wasiingie ovyo. Tangu hapo hatujapata tukio hata moja."

Wakampigia makofi. Yakiwa hayajaisha, akakumbuka sisi tumekaa wapi.

Nilisimama. "Barua uliandika wewe?"

"Mama yangu, tutaongea pembeni."

"Hakuna tukio hata moja. Mjukuu wangu mlimwandika wapi, kwenye Mengineyo?"

Akateremsha kipaza sauti. "Sikujua ingetokea vile," akasema, na nadhani alikuwa anasema kweli.

"Siku ile hukujua. Na Alhamisi zote zile? Ulikaa kwenye kitanda cha mwanangu ukalia. Ulikuwa unamlilia nani?"

Makamu wa mkuu wa chuo akampungia mkono mshereheshaji aweke muziki, na muziki ukawekwa, wa harusi.

Alhamisi moja Madam Kadi alikuwa ametufundisha kwamba kitu hakiombwi kwa asiyekuwa nacho; mfuateni aliyekishika, nendeni wengi, kaeni mpaka mjibiwe. Somo zuri, sina ubaya nalo. Nilibeba kiti changu cha plastiki. Muuza mkaa akabeba chake, kinyozi akabeba viwili, kimoja cha binti yangu. Kumi na wawili tukatoka kwenye hema bila kuaga, tukapanga viti kwenye geti dogo, nusu ndani nusu nje.

Saa kumi mlinzi akaja na kufuli. Ni yule yule aliyetusikia siku ile. "Nimeambiwa nifunge," akasema, akiangalia chini.

"Funga," nikamwambia.

Akatia kufuli mfukoni, akaenda kusimama kwenye kivuli cha maktaba.

Ndipo akaja Madam Kadi, peke yake, macho mekundu. Akachuchumaa mbele yetu. "Nimekosa," akasema. "Turuhusuni tufunge leo. Jumatatu naandika barua nyingine, kwa mkono wangu. Nipeni muda tu."

Nilikuwa na maneno ya kumjibu, na mengine si ya kutamkwa mbele ya watu. Lakini aliyejibu ni binti yangu, ambaye tangu tuzike hakuwahi kumsemesha.

"Mimi nimebakiza wiki tatu," akasema. "Wewe andika. Nitakusubiri hapa."

Akasogeza kiti chake hadi katikati ya njia, bati la geti likagota kwenye mgongo wa kiti, akakaa.