Nukta Kubwa ya Gazipur

...na sasa anaizungusha picha ukutani, eti waione vizuri, Iftekhar huyu, bosi wa ofisi, na taa yake nyekundu ya kuonyeshea, koti la suti katika joto hili la Dhaka, na katikati ile nukta kubwa iliyosongwa na mistari, simu za wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Gazipur, ghala zima la data, na nani aliyezisafisha kama si yeye Mohsena, nani aliyezimimina kwenye hifadhidata ya grafu, kila mtu nukta, kila simu mstari, wakati Iftekhar hata swali moja la kuiuliza mashine hajui kuliandika, debe tupu haliachi kuvuma... "Huyu ndiye kichwa cha mgomo," anasema, na wale wazee wawili wenye viwanda wanaitikia kwa vichwa, biskuti mdomoni, anawaambia kabla ya Idi maelfu walimpigia mtu mmoja, kisha viwanda vikasimama, basi ushahidi gani tena... ushahidi, loh, kabla ya Idi Gazipur nzima inatafuta nini kama si kiti cha basi la kurudi kwao, mgomo ulitokana na bonasi ambayo hawa watafuna biskuti hawakuilipa, na waliogoma na wasiogoma wote walimpigia Dulal, muuza tiketi, naye hakumtambua mapema kwani namba zilikuwa zimefichwa mpaka asubuhi hii, Iftekhar ameifunua hiyo moja kuwafurahisha wateja, na Mohsena ameijua mara tu ilipowaka, Dulal wa kibanda cha tiketi za basi la Rangpur, anayekuahidi kiti cha dirishani kisha anakukalisha juu ya tairi, jemadari gani huyo, foleni ya watu kumi inamshinda... mzee mmoja anasema kesho polisi watamfuata, anasema hivyo huku akipangusa vidole, na Dulal ana kifua kibovu, akilala sakafuni siku mbili kule ndani hatoki mzima, sema basi, Mohsena, sema... watamuuliza amejuaje, na humu wote wanamwita apa, yaani dada, wa Dhanmondi, mtoto wa mtaa wa wakubwa, yeye hakulianzisha jina hilo, alinyamaza tu likamkaa, miaka yote hiyo akimcheka Iftekhar kwa koti lake, na lake yeye je, refu zaidi, limemfunika mpaka mama, mama aliye humo humo ukutani, mstari mmoja mwembamba, aliyempigia Dulal kuomba viti viwili, kimoja cha binti yake, wajinga hawa angalau hawajui wanachokitazama, yeye anajua na amekaa kimya, sasa nani wa kudharauliwa humu ndani... taa nyekundu bado inatetemeka juu ya nukta, biskuti bado zinatafunwa, na sauti inayotoka ni ya Gazipur kabisa, ile aliyoizika tangu chuo.

"Iftekhar Bhai, huyo anauza tiketi za basi. Mama yangu humpigia kila Idi. Anashona kola kwenye kiwanda cha huyu mzee."