Mustari Niliouomba

Charline ana saloni yenye mlango wa kioo hapa mtaani Himbi, na wateja wanaoshuka kwenye magari makubwa. Tulijifunza kusuka pamoja, kwa mama mmoja. Yeye akapata saloni. Mimi nikabaki nasuka barazani kwetu.

Chumba kilicho kando ya saloni yake kilipobaki wazi, nilimkimbilia mwenye nyumba, papa Mahamudi. Tukaisoma kontra ya kupanga pamoja, mule mule chumbani. Garanti, ile pesa ya kutanguliza, niliipigania mpaka ikashuka. Paa likivuja, atatengeneza yeye. Alikubali yote, lakini roho yangu haikutulia, maana kicheko cha Charline kilikuwa kinapenya ukutani.

"Papa, ongeza mustari moya," nikasema. "Kontra yake ikiisha, ni mimi tu nitasuka nywele mu hii parseli yako yote."

Muzee akaweka kalamu chini.

"Mama Umi, mustari kama huo, wa yeye tu kusuka hapa, ulikuwa mu kontra ya Charline. Yeye mwenyewe alikuya kuniomba niufute, kusudi wewe upate kuingia."

Nikachungulia nje. Charline alikuwa anafagia vumbi jeusi mbele ya mlango wangu.

Nikasaini bila ule mustari, huku nasaga meno. Hata kwa wema, huyu mwanamuke amenitangulia!